Mama Yako Hajiwezi

Zamani mtu wa Kisarawe akifiwa, habari ilimfuata kwa miguu na ilijua kuvua viatu mlangoni. Siku hizi inalia mfukoni, na kabla maiti haijaoshwa watu thelathini wamekwisha kujibu kwa vidole gumba.

Mwinyimadi bin Kitwana aliishi katika zama hizo za miguu. Alikuwa mwandishi wa barua, akikaa kwenye baraza ya duka moja linalotazama njia ya bomani, na kila mtu alimwita mwalimu ijapokuwa hakuwahi kufundisha darasa. Herufi za Kiarabu alizipata chuo cha Kurani, kwa bakora. Herufi za kizungu alijifundisha mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, kwa kusoma maandishi ya masanduku ya chai na magazeti ya kufungia sukari, mpaka siku moja alisimama mbele ya tangazo la serikali na kugundua kwamba karani aliyewasomea watu tangazo hilo alikuwa amelisoma vibaya. Tangu hapo alikuwa na dharau kidogo kwa makarani, na hakuificha.

Barua yake ilikuwa na mpango usiobadilika. Kwanza salamu, nyingi, za kumtosha mtu aliye mbali. Kisha maneno ambayo barua yoyote ya watu wenye adabu ilikuwa nayo: "Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi sote huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Hapo ndipo habari ilipoingia, kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa na kupewa maji. Mwisho majina ya wote wanaosalimu, hata mtoto anayenyonya. Leo mtu anaanza na shida yake mstari wa kwanza, kama anayeingia nyumba ya watu kwa dirishani. Mwinyimadi hakuandika barua za namna hiyo. Aliyezitaka alionyeshwa njia ya kwenda kwa karani.

Miaka ya vita na Wajapani, wengi waliomjia walikuwa na mtoto au mume katika Keya, jeshi la Mwingereza lililowazoa vijana wa wilaya nzima na kuwapeleka ng'ambo ya bahari, Selani, kisha Bama. Mmoja wa wateja hao alikuwa Mwanahalima, mwanamke wa Msimbu, ambaye mwanawe Salehe alikuwa huko. Kila mwezi alitembea saa tatu kuja Kisarawe, akakaa kwenye mkeka mbele ya Mwinyimadi, akafuta jasho kwa ncha ya kanga na kuanza kusema bila kupumua.

"Mwambie nguruwe wameingia tena kwenye mihogo. Baba yake kawakimbiza na jembe, kajikwaa, kaanguka puu! Tumecheka mpaka nikashikwa na kikohozi. Na mwambie yule kuku mweusi, yule wa kutaga chini ya kitanda chake, bado anataga palepale. Anadhani mwenye kitanda kaenda kisimani."

Mwinyimadi alichovya kalamu, akaandika: "Shamba halijambo na mifugo haijambo."

"Umekwisha kuandika yote hayo?"

"Nimekwisha."

"Mbona mkono wako haukwenda mbali?"

"Mama Salehe, barua si mazungumzo ya kisimani. Barua ina heshima yake."

Kwenye baraza hiyohiyo, upande wa pili wa mlango, alikaa Mashaka, fundi cherehani, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja pwani kijana na kuzeekea hapo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na Mashaka hakuwahi kusahau haki hiyo hata siku moja.

"Mama, shikilia kuku wako aandikwe!" alipaza sauti. "Mzaramo huyu anaogopa asije akatagia wino."

Mwanahalima alicheka, akakohoa, akacheka tena. Barua ikatiwa gundi bila kuku.

Alikufa mwanzo wa masika ya mwaka 1944, kwa kikohozi hichohicho alichokuwa akikicheka. Mwinyimadi alipata habari siku ya pili. Mvua ilikuwa kubwa na njia ya Msimbu ilikuwa tope la magotini. Akasema atakwenda itakapokatika. Ilipokatika, matanga yalikuwa yamekwisha kuondolewa, na yeye hakwenda.

Baada ya hitima walikuja wawili: Mwinjuma, mume wa marehemu, mtu mrefu wa maneno machache, na binti yake Mwanne, aliyekuwa na umri wa miaka kama ishirini. Mwinyimadi aliwapa mkono wa pole. Mwinjuma alikaa, akatazama njia.

"Mwalimu, tumekuja kwa ajili ya kijana. Mwandikie mama yake hajiwezi."

Asiyekulia huku hatalielewa neno hilo. Kifo hakikuwa kitu cha kumtupia mtu usoni. Aliyefiwa akiwa mbali, Mlandizi au Dar es Salaam, alitumiwa mjumbe, na mjumbe alisema: mama yako hajiwezi, twende. Basi. Mwenye kuambiwa alifunga kitita chake. Njiani hakuuliza, na mjumbe hakusema. Kila kilima walichoshuka moyo ulitua mzigo kidogo, machozi yakamtoka akiwa anatazama mbele, na alipokaribia nyumbani akawaona wanaume wamekaa mikekani nje, alikuwa amekwisha kujua zamani. Hakuna aliyelitamka neno lenyewe. Wala hakuna aliyedanganywa.

"Baba," Mwanne alisema, "kaka hayuko Mlandizi. Hawezi kuja."

"Ataelewa. Nimemlea mimi."

"Akiandikiwa mgonjwa atasoma mgonjwa."

"Mwanne! Maneno ya msiba hayapangwi na watoto." Mwinjuma alimgeukia Mwinyimadi. "Au mimi nimekosea, mwalimu?"

"Hukukosea, bwana Mwinjuma. Ndivyo inavyosemwa."

Akaiandika. Ilikuwa barua nyepesi kuliko zote alizoandika mwaka ule. Salamu zilikuja zenyewe, "sisi sote huku hatujambo" ikakaa mahali pake, na baada yake, "ila mama yako hajiwezi." Kalamu haikusita popote. Alipowasomea, Mwinjuma alitikisa kichwa kwa kuridhika, na Mwanne alikuwa akiuchomoa ukindu mmoja wa mkeka, polepole, mpaka ukakatika.

Majibu yalifika vuli. Mwinyimadi alituma salamu Msimbu, wakaja wote wawili, akafungua bahasha iliyokwisha kufunguliwa na wazungu wa jeshi na kubandikwa tena. Akasoma kwa sauti, kama kawaida yake, kwa sauti ya mtu asiyejua kilichoko mstari wa pili.

"Baba yangu mpenzi, barua imefika, nami nimemshukuru Mungu kusikia mama yupo. Nilikuwa na ndoto mbaya, nikaogopa. Hapa nimeona watu wengi wasiojiweza, wamebebwa kwa machela, na baada ya mwezi wanacheza mpira. Msimwache atoke asubuhi kwenye umande. Mpeni maji ya dafu. Kila Ijumaa tunakaa Waislamu wa kombania yetu, tunamwombea afya. Nimemwekea blanketi zito la jeshi, nitakuja nalo."

Kwenye blanketi aliacha kusoma. Aliinamisha karatasi.

Huko Salehe alikokuwa, asiyejiweza ni asiyejiweza, na aliyekufa amekufa na namba yake inasomwa asubuhi. Labda miaka miwili ya kusemeshwa hivyo ilikuwa imemtoa sikio lake la nyumbani. Au labda sikio lilikuwapo, ila njia haikuwapo: neno lile lilitengenezwa kwa mtu wa kutembea, liingie taratibu, hatua kwa hatua, na mwisho wake awaone watu mikekani. Yeye alilisoma amekaa, akalikunja, akalitia mfukoni.

Mwinjuma aliondoka akaenda kusimama mwisho wa baraza, mgongo kwao.

"Mwalimu," Mwanne alisema kwa sauti ya chini, "mama ana miezi saba kaburini. Mwanawe wa kiume anamwombea apone. Fatiha hata moja hajapata kutoka kwake. Huyu ni maiti gani wa kuombewa nafuu?"

"Nitamwandikia."

"Sasa hivi."

"Njooni Jumatano."

Walipoondoka alitoa karatasi. Salamu zilikuja. Akafika kwenye "sisi sote huku hatujambo," na mkono ukasimama. Hakuweza kuyaandika maneno hayo, na hakuwahi kuandika barua isiyo nayo. Akaichana. Akajaribu kuanza na habari moja kwa moja, lakini baada ya jina la Salehe kalamu ilibaki juu ya karatasi mpaka tone la wino likaanguka. Akajaribu tena: "Ile barua iliyopita, neno tulilokuandikia lilikuwa na maana ya..." Akajisomea, akaona haya. Anamfundisha mtoto wa Msimbu maana ya lugha ya kwao? Na angemwambia nini kuhusu zile Ijumaa zote?

Jumatano aliwaambia wino umechacha. Jumatano ya pili alisema ana homa. Ya tatu Mwinjuma hakuja, alikuja Mwanne peke yake, akakuta mwalimu hayupo. Alikuwa amekaa nyuma ya duka, anamsikia.

Kisha ugonjwa ule ukahamia kwenye barua za wengine. Mwanamke alikuja kumwarifu mumewe kwamba mtoto ameota meno, habari nyepesi kama unyoya. Mwinyimadi akafika kwenye "sisi sote huku hatujambo," na vidole vikapoa. Alijua kwa nini: alikuwa anawaza nani nyumbani kwa mwanamke huyo hajambo kweli, na nani amefichwa chini ya neno. Mwanamke alingoja, akatazama kalamu, akamtazama usoni, akaondoka na habari za meno ya mwanawe. Wengine wakafuata. Karani wa bomani, yule msoma matangazo, akaanza kuonekana jioni akiwaandikia watu kwenye ngazi, mistari mitano mitano, bila salamu.

Mashaka alikuwa akiyaona yote hayo juu ya cherehani yake.

"Mtani, tangu asubuhi mistari mingapi? Mimi nimeshona kaptura nne."

"Niache, Mnyamwezi."

"Nikuache wapi? Mzaramo kaishiwa maneno! Nitawaandikia kwetu Tabora, hawatakubali. Watasema Mashaka kalewa. Lo, lakini nani ataniandikia?" Alicheka peke yake, mguu ukiendelea kupiga.

Desemba Mwanne alikuja asubuhi mapema, akamkuta kabla hajapata pa kujificha. Hakukaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka."

"Nimeshakaa sana kwenye mkeka huu." Alimpa bahasha. "Imeletwa na ndugu wa askari mwenzake wa Keya. Soma."

Ilikuwa fupi. Salehe alisema kuna maneno ya likizo, labda mwaka unaoanza, na kama si likizo basi vita vikiisha. Alisema asipelekewe mtu wa kumpokea, anataka kuingia kimya na kumshtua mama.

"Unaijua njia ya kwetu?" Mwanne aliuliza. "Unaipita mikorosho, unashuka, unaiona nyumba. Yeye tangu mtoto akifika pale anamwita mama. Anaita kwa nguvu, mpaka majirani wanamtania. Sasa, mwalimu, siku hiyo akiita, nani aitike? Niitike mimi? Uitike wewe?"

Mwinyimadi aliirudisha barua ndani ya bahasha. Mwanne akajitanda kanga vizuri, akaondoka.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mashaka alikuwa amesikia yote, na safari hii hakucheka.

"Mtani. Mimi nikikosea nguo nafumua."

"Imekwisha kuvaliwa Bama. Utaifumulia wapi?"

"Haya. Basi nikuulize kingine. Msiba ule ulikwenda?"

Mwinyimadi alifuta nibu ya kalamu kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Ilikuwa mvua."

"Hukwenda."

"Mvua, nimekwambia."

"Hukwenda matanga, hukuliona kaburi, hukumsikiliza aliyekuwapo. Mimi hata suruali ya mtoto wa shule siikati bila kumpima. Wewe msiba wa watu umeushonea hapa barazani kwa macho, halafu unashangaa haumkai mtu. Nenda kapime, bwana! Nenda! Siku zote naambiwa Wazaramo ni watu wa matanga, kumbe huyu wa kwetu anakwenda yale ya jirani tu, yenye pilau."

Yalikuwa matusi ya mtani, na mtani hajibiwi kwa hasira. Siku mbili Mwinyimadi hakuja barazani. Siku ya tatu, mara baada ya sala ya alfajiri, alivaa kanzu safi, akafunga karatasi, kalamu na kidau cha wino katika kitambaa, akashika njia ya Msimbu.

Alifika jua likiwa halijakaa utosini. Mwinjuma alikuwa shambani akikaza ua wa miti kwa kamba za mgomba, kazi ya kuwazuia nguruwe. Alimwona mgeni tangu mbali na hakuacha kazi mpaka alipofikiwa.

"Nimekuja matanga, bwana Mwinjuma," Mwinyimadi alisema.

"Matanga yalikwisha, mwalimu."

"Najua. Nimechelewa."

Mwinjuma alimtazama kanzu iliyopakaa vumbi jekundu mpaka kiunoni. Kisha aliweka kamba chini. "Mwanne! Maji ya mgeni."

Walimpeleka kaburini, nyuma ya nyumba, kwenye kichaka kilichofyekwa nusu. Alisoma alichopaswa kusoma miezi tisa nyuma. Waliporudi uani, Mwanne alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi iliyogeuzwa ubavu na kuendelea kumenya mihogo aliyokuwa ameiacha, na Mwinyimadi akakaa mkabala naye, akaweka karatasi juu ya ubao wa kukatia nyama.

"Niambie siku ile," alisema.

"Siku gani?"

"Siku ile, mwanangu. Jinsi ilivyokuwa. Sema kama unamwambia yeye."

Mwanne alimenya muhogo mzima kabla ya kufungua mdomo. "Kaka, mama amekufa."

Kalamu ilisimama. "Bila salamu?"

"Nikimaliza nitamsalimu."

Kule shambani Mwinjuma alikuwa ameshika tena kamba, lakini hakuwa akifunga mti wowote. Mwinyimadi aliitazama karatasi nyeupe. Kisha akaandika, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuo: Kaka, mama amekufa. Hakuna kilichotokea. Kuku walikuwa wakiparua jikoni.

"Sema," alisema. "Polepole."

"Alikufa Jumatatu, jua limepanda kiasi cha mkono mmoja. Mimi ndiye niliyemshika. Kabla ya hapo siku nne alikuwa halali, anakohoa amekaa. Asubuhi ile kikohozi kikaacha, nikafurahi, nikadhani amepata ahueni. Akaniambia fungua dirisha nisikie kama nguruwe wapo. Nikafungua. Nikamwambia hawapo. Akasema basi mwaka huu mihogo itakomaa. Akaomba maji. Nikampa kwa kijiko. La kwanza likaingia, la pili likatoka pembeni. Nikamfuta. Nikamwita. Nikamwita tena."

Aliendelea kumenya. Maganda yalikuwa yakianguka miguuni pake. Mwinyimadi aliandika kila neno, hata lile la kijiko, hata nguruwe, na mara nyingi alimwambia subiri, na mara moja alisimama yeye mwenyewe kwa sababu haoni. Aliandika waliomwosha. Aliandika mvua ya siku ya maziko, jinsi wanaume walivyochota maji kaburini kwa vibuyu. Aliandika kwamba kabla ya hapo, mama alipokuwa na nguvu, alikuwa akisema Salehe akirudi ataoa, na alikuwa amekwisha kumtazamia mtu, lakini hakutaja jina.

"Baba ndiye aliyesema tukuandikie hajiwezi," Mwanne alisema, "kwa sababu ndivyo watu wanavyoambiwa. Usimkasirikie baba."

Mwinyimadi aliandika hayo, akangoja. "Na mwalimu?"

"Mwalimu nini?"

"Sema kuhusu mwalimu."

Mwanne alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze. "Hilo andika mwenyewe."

Ilimchukua muda mrefu kuliko karatasi zote tatu zilizotangulia. Mwisho aliandika: "Nami Mwinyimadi bin Kitwana, mwandishi, nilijua amekufa, nikaandika hajiwezi. Sikuwa nimekwenda hata kuzika." Akataka kuongeza kitu cha kujitetea, mvua, tope, desturi. Hakukipata kilichofaa.

Alipowasomea, Mwinjuma alikuja akasimama kwenye pembe ya nyumba, uso upande. Neno la kwanza liliposomwa alifumba macho. Hakukatiza.

"Una la kuongeza, bwana Mwinjuma?"

"Mwambie amsomee mama yake Fatiha," alisema, akarudi kwenye ua wake. Yeye mwenyewe neno lile la kifo hakulitamka siku hiyo, na waliomjua wanasema hakulitamka mpaka mwisho.

Barua ilipelekwa posta kesho yake. Mwinyimadi alirudi barazani, na mwanamke wa kwanza aliyemjia alipoanza kusema, aliandika anachosema. Mkono ulikwenda. Mashaka aliona, akaimba wimbo wa kwao wa kejeli asubuhi nzima. Lakini barua hizo hazikuwa zile. Kila alipofika kwenye "sisi sote huku hatujambo" alinyanyua macho akamwuliza mteja: "Sote? Una hakika?" na wateja hawakupenda. Waliona kama anawachulia. Walitaka maneno yale yaandikwe bila kuulizwa, kama zamani, na yeye hakuweza tena. Wakaenda kwa karani mmoja mmoja, na karani hakuwauliza kitu, kwa kuwa hakujali.

Majibu ya Salehe yalikuwa mistari miwili, nayo Mwinyimadi ndiye aliyeisoma: "Barua nimeipata. Nimemsomea." Hapakuwa na salamu za mtu yeyote, wala jina la mwandishi.

Alirudi mwaka 1946, na kofia ya Keya na sanduku la mbao. Alipita mbele ya baraza saa nne asubuhi. Mashaka alisimama akampungia. Kijana akapunga pia, kwa fundi. Kwa mwandishi aligeuza uso upande wa pili wa njia. Wanasema alipofika kwenye mikorosho ya Msimbu hakuita. Alishuka kimya, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kabla ya kumsalimu baba yake.

Hakukaa. Jeshini alijifunza kuendesha magari, na shamba moja la mkonge upande wa Kibaha lilikuwa linatafuta dereva. Akamchukua baba yake na dada yake. Nyumba ilianguka, ua ukaliwa na mchwa, na nguruwe wakaupata muhogo bila kufukuzwa na mtu. Hivyo ndivyo vijiji vilivyoanza kwisha, watu wakifuata barabara kuu kama siafu, na waliobaki wakabaki na makaburi.

Mwaka 1949 Mwinyimadi alikwenda kuhani msiba Mlandizi. Siku hizo alikuwa haukosi msiba, uwe jua uwe mvua, na watu walimcheka kwa hilo. Wakati wa kurudi alishuka Kibaha kungoja gari la kumfikisha mbele, na kando ya barabara ya Morogoro aliliona lori limesimama, boneti wazi, na Salehe ameinama ndani. Mwinjuma alikuwa amekaa kivulini mwa gurudumu juu ya gunia, macho yamefanya ukungu. Mwanne alikuwa na mtoto mgongoni.

Salehe alinyoosha mgongo, akafuta mikono kwa tambara. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Gari moja lilipita, wakangoja vumbi litulie.

"Barua zangu nyumbani alikuwa akizisoma nani?"

"Mimi."

"Hata ile ya blanketi?"

"Hata hiyo."

Salehe alikunja tambara mara mbili. "Siku hiyo ulikula?"

Mwinyimadi alifikiri kusema uongo wa adabu, wa aina aliyoujua sana. "Nilikula."

"Mimi pia," Salehe alisema. "Siku niliyopata ile ya pili. Kengele ililia, nikaenda na sahani yangu, nikala, halafu nikaingia lindo." Akafunga boneti.

"Nani huyo?" Mwinjuma aliuliza kutoka chini.

"Mwalimu Mwinyimadi, baba."

"Aa." Mzee aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Wewe ulikuwa na mkono mzuri, mwalimu. Ile barua ya kwanza ilikuwa barua. Ile ya pili," akatikisa kichwa, "ile sijui ilikuwa kitu gani."

Salehe na Mwanne walimwinua, mmoja huku mmoja kule, wakampandisha kiti cha mbele, na Salehe akazunguka kwenda kwenye usukani. Mwanne alipanda nyuma, kwenye magunia, akamhamishia mtoto kifuani.

"Karibu kwetu, mwalimu," alisema. "Si mbali. Ukivuka kijito uulize nyumba ya dereva."

"Nitakuja, mwanangu."

Wote wawili walijua kwamba hatakuja. Injini ilikohoa, ikashika, na lori likaingia barabarani likielekea upande wa Ruvu. Mzee alikuwa akitazama mbele na Salehe akitazama barabara. Mwanne peke yake ndiye aliyekuwa amekaa kwa kuelekea nyuma. Hakupunga mkono, alimtazama tu, kanga ikimpiga usoni, mpaka lori likashuka mteremko na magunia yakazama, kisha kichwa chake. Mwinyimadi hakuwaona tena.